Nyumba Isiyokataa Mbwa

Wakala hakumgusa mbwa. Siku ile Raelene Hutchings hakulijali jambo hilo kwa sababu ya furaha, lakini baadaye alilikumbuka mara nyingi, maana hakuna mtu aliyewahi kukutana na Peggy asimguse. Hata wale waliowanyima nyumba walikuwa wakiinama kwanza, wakimkuna nyuma ya masikio na kumwita mrembo, ndipo wakainuka na kusema samahani, mwenye nyumba hataki wanyama. Huyu Tarryn, msichana wa ofisi ya kupangisha, alisimama mlangoni na funguo zake mkononi, akamtazama Peggy kuanzia puani hadi mkiani kama mtu anayekadiria uzito wa mzigo. Kisha akauliza ana umri gani, na kama anakula vizuri.

"Anakula kuliko mimi," alijibu Merv, baba yake Raelene. "Na mimi si haba."

"Safi," alisema Tarryn. "Basi nyumba ni yenu."

Walikuwa wamehangaika tangu kiangazi. Nyumba waliyokuwa wakipanga kule kitongoji cha Reservoir iliuzwa, mnunuzi akataka kuhamia mwenyewe, wakapewa notisi. Sheria ya jimbo inasema mwenye nyumba hawezi kumkataa mnyama bila sababu ya maana, lakini hakuna sheria inayomlazimisha kumchagua mwenye mbwa katika umati uliopanga foleni hadi barabarani kuitazama fleti moja. Raelene alifanya kazi jikoni katika nyumba ya kulelea wazee, mshahara wake haukuwa mbaya, na kote alikopanga aliacha jina zuri. Ila kila alipotaja mbwa, simu haikupigwa tena. Mwenzake mmoja kazini alimshauri amfiche. Mwingine alimshauri amtoe. Hilo la pili Raelene hakuthubutu kulitamka mbele ya baba yake.

Peggy alikuwa mbwa wa mbio, mwembamba, rangi ya majivu, aliyestaafishwa mapema kwa kuwa hakupenda kukimbia. Mama yake Raelene alimchukua mwaka aliougua. Mama akafa, mbwa akabaki. Tangu hapo Merv, fundi wa reli wa zamani ambaye sasa magoti yalikuwa yamemkataa, aliishi kwa saa za Peggy: akiamka naye huamka, akitaka kutembea naye huvaa kofia. Alikuwa na mluzi wake wa kumwitia, mfupi, unaopanda mwishoni kama swali, na Peggy hata akiwa kwenye usingizi wa pono angeinuka na kumfuata.

Fleti ilikuwa kitongoji cha Thomastown, chini kabisa katika jengo la matofali ya rangi ya malai. Nyuma ya kila mlango palikuwa na mnyama. Juu yao paka, ng'ambo ya ngazi kasuku mweupe mwenye matusi, na jirani wa ukuta mmoja alikuwa na kizimba cha chiriku dirishani. Tarryn aliwapa sharti moja kwa sauti ya mtu anayeeleza siku ya kutoa takataka: mwenye jengo hataki fleti ikae bila mnyama. Huyu akifa au akipotea, watafute mwingine upesi.

Merv alicheka njia nzima ya kurudi. "Tangu kiangazi tunafukuzwa kwa ajili yake, leo tunapokewa kwa ajili yake. Rae, kumbe mpangaji ni Peggy. Mimi na wewe ni mizigo yake tu."

Walihamia majira ya baridi yakianza.

Nyuma ya jiko palikuwa na chumba cha kufulia, chembamba, sakafu ya saruji, na katikati ya sakafu shimo la kutolea maji lenye kifuniko cha chuma chenye matundu. Peggy hakukubali kuingia humo. Raelene aliweka bakuli lake la maji pale karibu na mashine, kama alivyozoea, lakini mbwa akaishia kizingitini, miguu ya mbele imekakamaa, akakataa hata alipobembelezwa kwa kipande cha soseji. Wakacheka, wakamwekea bakuli jipya jikoni, na lile la zamani wakalisahau pale pale.

Jioni moja Raelene alikuwa kwenye kochi, kichwa cha Peggy mapajani mwake, Merv akisikiliza mpira redioni. Akasikia mbwa anakunywa maji. Ni sauti ambayo mwenye mbwa haikosei: ulimi unachota, unapiga maji, unachota tena. Ilitoka chumba cha kufulia. Raelene aliisikiliza kwa raha, kama mtu anavyosikiliza shughuli za nyumbani kwake, hadi alipokumbuka kwamba mbwa yuko mapajani mwake.

Akatazama chini. Peggy alikuwa macho, masikio yamelala nyuma, anatetemeka mwili mzima bila kutoa sauti.

"Baba, punguza redio."

Merv akapunguza. Sauti ile ikaendelea kidogo, taratibu, kama ya anayekunywa akijua anasikilizwa. Kisha ikanyamaza. Raelene alikwenda akawasha taa. Bakuli la zamani lilikuwa kavu kabisa, sakafu imelowa kuzunguka lile shimo, na harufu ya tope ilikuwa imejaa chumbani, tope la chini kabisa, lile lisiloona jua. Merv alisema ni bomba la zamani. Raelene alikubali kwa sababu alitaka kukubali.

Kuanzia hapo Peggy alianza kukauka. Hakukonda, maana hakuwa na cha kukonda, alikauka. Alikunywa bakuli zima akaomba jingine, na bado ulimi wake ulikuwa mkavu kama kitambaa, manyoya yakikatika mkono ukimpapasa. Daktari wa wanyama alimpima damu, akamtia maji kwa sindano, akasema hajui yanakwenda wapi. Kila jua lilipozama ile sauti ya kunywa ilirudi, na ilipokuwa ikinywa Peggy alijilaza ubavu na kufumba macho.

Jirani wa chiriku alimkuta Raelene kwenye ngazi. Alikuwa mama wa Kituruki, mjane, aliyeitwa Sevim, mdogo wa umbo, mwenye sweta juu ya sweta. Alimtazama mbwa, akauliza kwa upole, "Mnampenda sana, eh?"

"Ni wa marehemu mama."

Sevim alitingisha kichwa kama aliyepewa habari mbaya. "Mimi wangu siwapi majina, dada," alisema, akaingia kwake akafunga mlango.

Peggy alikwenda jioni ya mvua. Hawakumwona akiinuka. Raelene alikuwa akimenya viazi, Merv akigombana na redio, na mbwa aliyekuwa hawezi kusimama alipita katikati yao kwa miguu yake, mkia umebana tumboni, kichwa kimeinama kama cha mtoto anayeitwa kuchapwa, akavuka kizingiti ambacho tangu kuhamia hakuwahi kukivuka. Mlango wa chumba cha kufulia ukajifunga nyuma yake. Mlango ule haukuwa na kitasa wala komeo, ulikuwa ubao tu kwenye bawaba, lakini Raelene aliuvuta kwa mikono yote miwili, akauvuta kwa mguu ameukita ukutani, akauvuta huku Merv akijikokota kutoka kitini akiita Peggy, Peggy, njoo mama, njoo, na nyuma ya ubao ule ulimi ulikuwa ukinywa, si kwa utaratibu wa siku zote bali kwa pupa, kwa kugugumia, kwa pumzi nzito za mnyama mkubwa aliyezamisha uso wote, na harufu ya tope ikitoka chini ya mlango pamoja na maji baridi yaliyowalowesha soksi, na wakati wote ule, hilo ndilo lililomvunja Merv, Peggy hakulia hata mara moja.

Mlango ulipofunguka ulifunguka wenyewe. Raelene alimbeba nje. Alikuwa mwepesi kama gunia tupu.

Walimzika kando ya kijito kilichopita nyuma ya mtaa, chini ya miti, mahali alipopenda kunusanusa. Waliporudi simu ililia. Alikuwa Tarryn.

"Pole sana kwa Peggy," alisema. "Mtachukua mwingine lini?"

Raelene alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Alimuuliza amejuaje.

"Mwenye jengo kaniambia."

"Na yeye kajuaje?"

Tarryn alishusha sauti. Ilikuwa ya mtu aliyeziba simu kwa kiganja. "Mimi sijawahi kumwona, Raelene. Hupiga tu. Hupiga jua likizama. Tafuteni mnyama, tafadhali. Yeyote yule."

Merv hakutaka kusikia. Peggy hanunuliwi dukani, alisema, na hatamlisha mbwa mwingine kwenye bakuli lake. Raelene akaona ni heri. Walikuwa hawana mbwa tena. Kwa mara ya kwanza milango yote ilikuwa wazi kwao. Akaanza kupeleka maombi mahali pengine, na sehemu ya mnyama akaandika hapana, huku machozi yakimdondoka kwenye meza.

Lakini Merv alianza kuomba maji.

Mwanzo ilikuwa chai, kikombe juu ya kikombe. Kisha akawa anakunywa bombani, kichwa chini ya mfereji, akiinuka na kidevu kinachodondosha maji na midomo iliyopasuka. Ngozi ya mikono yake iliparara kama ya kenge. Hospitali walimlaza, wakamtundikia dripu, chupa ikaisha, nyingine ikaisha, na daktari kijana akasimama kando ya kitanda akiyatazama majibu ya vipimo kama mtu aliyeibiwa. Wakamruhusu aende kwa kuwa hawakupata ugonjwa.

Jioni aliyorudi, wakiwa mezani, mluzi ulipigwa.

Ulikuwa mfupi, unaopanda mwishoni kama swali. Raelene alimtazama baba yake akidhani ni yeye. Midomo ya Merv ilikuwa imefumba. Mluzi ulitoka chumba cha kufulia, na ulipopigwa mara ya pili mzee aliweka uma chini, akainuka bila fimbo, bila kuguna, yeye ambaye magoti yake hayakumruhusu kuinuka bila kushikwa, akaanza kwenda.

"Baba. Baba, unakwenda wapi?"

"Naitwa," alisema Merv. Uso wake haukuwa na hofu. Ulikuwa na utiifu.

Raelene alimkumbatia kiunoni akamrudisha kitini, akamkalia magotini kama mtoto mpaka giza lilipoingia sawasawa na mluzi ukakoma. Usiku huohuo alimpakia kwenye gari wakaenda Kilmore, mwendo mrefu kaskazini, wakachukua chumba katika moteli ya kando ya barabara kuu. Siku iliyofuata ilipita vizuri. Merv alikula mkate wa nyama, akalalamikia bei, akawa Merv yule yule. Jua lilipoanza kuzama Raelene alikuwa bafuni akinawa uso, na kutoka kwenye shimo la sinki, kwa mbali sana, kama mtu anayeita kutoka mwisho wa bomba refu, mluzi ulipigwa. Nyuma yake alisikia kiti kikisogezwa.

Alimshika mlangoni. Mzee alikuwa ameshafungua, amevaa soksi tu, uso ameuelekeza kusini, Thomastown. Alipomzuia hakupigana naye. Alilia tu. Akasema, "Rae, niache, naumia usiponiacha." Na mkono wake alioushika ulikuwa umekuwa mwepesi.

Wakarudi. Raelene hakuona kingine cha kufanya. Kule nyumbani angalau angemwona anapokwenda.

Sevim aliwasikia wakiingia akaja na sufuria ya supu ya dengu. Alimtazama Merv kitandani, akamvuta Raelene jikoni, na kwa mara ya kwanza akaongea yote. Alipohamia alikuwa na mume na paka. Paka alikauka. Mume hakutaka mwingine, alikuwa na kichwa kigumu kama Merv. Baada ya mazishi ya mume Sevim alinunua chiriku, na tangu hapo hununua chiriku.

"Kwa nini hukuhama?" Raelene alimuuliza.

"Wewe umehama?" Sevim alimjibu.

Aliahidi kumleta shemeji yake, Hikmet, ambaye watu humwendea kusomewa. Alikuja alasiri, mzee mrefu mwenye koti la mvua na mkoba wa plastiki, akavua viatu mlangoni, akauliza choo kilipo, akatawadha. Raelene hakuwa mtu wa dini yoyote, lakini alipoiona namna alivyokaa kando ya kitanda na kuushika mkono wa Merv, moyo wake ulitulia kidogo. Hikmet alisoma kwa sauti ya chini. Akasoma hadi mwanga wa dirishani ukawa wa manjano, kisha wa kijivu. Kijasho chembamba kilimtoka kwenye paji la uso. Akaomba beseni la maji, akayasomea, akanyunyiza pembe za chumba, akanyunyiza jikoni, akafika kizingiti cha chumba cha kufulia na kusimama pale pale alipokuwa akisimama Peggy.

Akasema kwa amri, "Toka."

Nyuma yao, kitandani, Merv alicheka. Haikuwa sauti ya Merv. Ilikuwa ya adabu, laini, kama ya mtu anayezungumza na wateja.

"Nitoke niende wapi?" ilisema. "Hapa ni kwangu. Wapangaji ni wao."

Hikmet aligeuka polepole. Midomo yake iliendelea kusoma. Kitu kile kikamngoja amalize aya, bila haraka, kisha kikasema tena kwa kinywa cha mzee, macho yake yakiwa yamefumba: "Niliahidiwa pumzi ya mnyama kila mlango. Humu mna pumzi mbili tu, na hakuna mnyama. Nimechukua iliyo karibu kuisha. Sikuwadhulumu."

Taa ya jikoni ilififia ikarudi. Maji katika beseni la Hikmet hayakuwepo. Beseni lilikuwa kavu mikononi mwake, na ile sauti ya ulimi ilikuwa ikimalizia matone chini ya kifuniko cha chuma.

Alipotoka nje alikaa kwenye ngazi, akashindwa kufunga kamba za viatu, Sevim akamfungia. Raelene alisimama mbele yake akimtaka aseme kitu. Mzee alisema amezoea kumtoa anayeingia mahali pasipo pake. Huyu hakuingia. Palikuwa na kijito hapa kabla ya jengo, kikazikwa, na aliyejenga juu yake alikubaliana na mwenye kijito. Yeye hawezi kuvunja agano ambalo hakulifunga. Kilichowezekana ni kuomba siku chache, na ameziomba, hajui ngapi.

"Nifanye nini, mzee?"

Hikmet alimtazama kwa huruma nyingi. "Binti yangu, siwezi kukwambia umlete mnyama. Na siwezi kukwambia usimlete."

Sevim aliingia kwake, akatoka na chiriku wawili katika kizimba kidogo, akakipitisha mbele ya Raelene bila kumtazama machoni, akakiweka kizimba ndani ya chumba cha kufulia na kuuegesha mlango. Jioni ile mluzi haukupigwa. Merv alijigeuza kitandani, akaomba yai la kuchemsha na mkate wa kubanika, akauliza timu yake imefungwa na nani. Alikula mpaka makombo. Raelene alimtazama akila, akamfuta kidevu, akajua anachokwenda kukifanya.

Asubuhi chiriku walikuwa sakafuni mwa kizimba kama majani makavu. Merv alikuwa ameanza tena kuramba midomo.

Kituo cha wanyama waliotelekezwa kilikuwa upande wa magharibi wa mji, na kelele za mbwa zilimfikia akiwa bado anaegesha gari. Aliyempokea alikuwa msichana mwenye michoro mikono yote na sauti ya upole, jina lake Bronte. Raelene alisema anataka mbwa mzee. Alisema anamtaka yule ambaye hakuna anayemtaka, mgonjwa ikiwezekana, ambaye hana siku nyingi. Alikuwa amejipangia maneno hayo njiani ili dhambi yake iwe ndogo. Hakuwa amefikiri yatasikikaje.

Macho ya Bronte yalijaa machozi. "Watu kama wewe ni wachache sana," alisema.

Alimpeleka banda la mwisho. Humo alikuwemo mbwa wa kuchungia ng'ombe, mweusi wa madoa, mdomo umeingia mvi, jicho moja limepata ukungu. Aliitwa Bosun. Alikuwa amekaa pale tangu kiangazi. Familia yake ilipohama, nyumba mpya ilikataa mbwa, wakamleta kwa machozi na kikapu chake cha kulalia na wakaahidi kurudi. Kila gari likiingia, Bronte alisema, bado huinuka.

Raelene alitaka kuomba mwingine. Alisogea banda la jirani, na la jirani yake. Kila banda lilikuwa na macho. Akarudi kwa Bosun.

Ofisini Bronte alimuuliza swali moja la mwisho, akaomba radhi kwa kuliuliza. Ni lazima waulize wote, kwa sababu wengi hurudishwa kwa jambo hilohilo. Je, mwenye nyumba anajua? Ameridhia?

"Ameridhia," alisema Raelene.

"Una bahati."

Njiani hakumsemesha. Alijikaza asimwite jina, asimtazame kwenye kioo. Walipofika taa za barabarani za Mahoneys Road, Bosun alipenyeza kichwa kati ya viti akakilaza juu ya bega lake, akashusha pumzi ndefu, akakiacha hapo hadi nyumbani.

Jua lilikuwa linazama. Merv alikuwa ameinuka. Alisimama mlangoni mwa fleti ameshika fremu kwa mikono yote miwili, shingo imekauka kama kamba, na macho yake yalikuwa ya Merv kabisa. Alimwona mbwa. Alimtazama binti yake. Hakuhitaji kuelezwa.

"Mrudishe, Rae."

"Baba, ingia ndani. Unatetemeka."

"Nimeishi vya kutosha. Huyu kosa lake nini? Mrudishe, mwanangu, nakuomba."

Bosun, mkanda wake mkononi mwa Raelene, alikuwa amefika kizingitini. Alinusa, na manyoya ya mgongo wake yakasimama. Alirudi nyuma hatua moja, akaegemea mguu wa Raelene, akainua lile jicho zima kumtazama, kama mbwa anavyomtazama mtu wake akitaka kuambiwa la kufanya. Alikuwa naye kwa muda wa safari moja tu ya gari.

Ndipo mluzi ulipopigwa ndani.

Haukuwa wa Merv. Raelene hakuwahi kuusikia. Ulikuwa mluzi wa mtu mwingine, mrefu, wa furaha, unaocheza mwishoni, mluzi wa uwanja mpana na mtu anayerudi nyumbani kutoka kazini. Masikio ya Bosun yalisimama. Mwili wake wote mzee ukabadilika. Mkia ulianza kupiga, kwanza polepole, kisha kwa nguvu iliyomyumbisha kiuno, na sauti ndogo ya kulia ikamtoka kooni, kwa maana hatimaye walikuwa wamerudi kumchukua. Aliuvuta mkanda kwa uzito wake wote.

Merv alijaribu kuziba mlango kwa mwili wake. Mbwa alipita chini ya mkono wake bila hata kumgusa, akanyoosha mkanda hadi mwisho, akakwama, akageuka kumtazama Raelene kwa furaha, akimwomba afanye haraka.

Raelene alifungua vidole. Baba yake alimwona akivifungua.